Uniti Alizozilaza Gotthilf

Shambani, kusini ya Wishek, Dakota Kaskazini
9 Oktoba 1977

Dada Ottilia,

Mimi ndiye niliyeleta umeme katika jimbo hili. Nikifa, waandike hivyo juu ya kaburi langu, kwa herufi kubwa.

Haya, usikunje uso. Si jimbo zima. Tuseme wilaya yetu. Haya basi, tuseme barabara yetu. Na hata hiyo barabara, ukweli ni kwamba wewe ndiye uliyebisha hodi milango arobaini na mmoja majira yale ya baridi ya 1945, theluji magotini, ukiomba kila nyumba dola tano za kuanzisha ushirika. Mimi nilikaa ndani ya gari nikitafuna mbegu za alizeti, nikakwambia injini ikizimwa haitawaka tena. Ingewaka. Nimekaa na siri hiyo miaka thelathini na miwili, leo nimeitoa, na tusiirudie.

Natumai u mzima huko California na zabibu zako. Hapa wote wazima, maana yake mimi, paka, na ng'ombe kumi na wanne. Ngano ilikuwa ya wastani. Alizeti zimekubali, ila ndege wamezikubali zaidi. Kaburi la mke wangu Rosina nimelifyekea nyasi, nikang'oa na ua moja kwa bahati mbaya.

Delbert anakuja kila Jumapili kutoka Bismarck kunikagua. Wiki iliyopita alileta karatasi ya rangi yenye picha za nyumba ya wazee ya mjini. Wazee wote pichani wanacheka. Sijui wamelishwa nini. Akaiweka mezani, juu ya supu yangu hasa.

"Baba, mwezi wa nane uliingiza gari mtaroni."

"Ndama alikatiza."

"Ndama gani? Ulikuwa barabara kuu!"

"Ndama wa barabara kuu."

"Sikia, Baba. Sikutanii. Kosa moja tu tena, nakuhamishia mjini na shamba tunalikodisha."

Mtoto niliyemfuta kamasi mwenyewe ananihesabia makosa! Sasa ndipo ninapofikia shida yangu.

Ushirika umetuletea tangazo. Unajua utaratibu wetu, uliuandika wewe: kila mwanachama anasoma mita yake mwenyewe mwisho wa mwezi, anaandika namba kwenye kadi, anaitia posta, na hakuna wa kumchungulia. Sasa wanasema mwezi wa tatu atapita mkaguzi nguzo kwa nguzo, na yeyote ambaye kadi zake hazilingani na mita atasomwa jina mbele ya wanachama.

Na mimi, Dada, nina uniti zimelala kwenye mita. Usijifanye hujui. Miaka ile bei ilipokuwa inashuka, kila mwezi niliandika pungufu kidogo, nikaacha uniti mia, mia mbili, zimelala kama mayai chini ya kuku. Mwaka uliofuata bei inashuka, naziandika kwa bei mpya. Uniti niliyoitumia kwa senti sita nailipia senti tano, na kahawa nimekwisha kunywa. Mazoea, unajua, hayaachi mtu.

Emanuel Schock ndiye mwenyekiti siku hizi, na bado anakuogopa. Mwandikie. Mwambie mambo ya ukaguzi ni matusi kwa watu wazima. Delbert akisikia baba yake amesomwa jina hadharani, hilo ndilo litakuwa lile kosa moja, nami nitaishia kwenye picha nikicheka na wale wengine.

Mdogo wako,
Gotthilf


Lodi, California
30 Oktoba 1977

Mdogo wangu Gotthilf,

Nimepata barua yako. Mimi mzima. Mavuno ya zabibu yamekwisha, majirani wamenijazia masanduku mawili. Binti wa ndugu ya marehemu mume wangu Jakob ameolewa, karamu ilikuwa kubwa, kwaya ikaimba vibaya.

La injini nililijua siku ile ile. Nilikuacha garini kwa sababu ukishuka unachekesha watu, na mtu anayecheka hatoi dola tano.

La uniti pia nililijua. Nilikuwa katibu wa ushirika miaka kumi na tisa. Kadi zako zilipita mikononi mwangu, na kila mwaka mpya, bei ikishashuka, ulikuwa ukizilinganisha na mita kimyakimya kabla ya kwenda kanisani. Nusu ya wanachama walifanya hivyo hivyo. Sikusema kitu kwa kuwa mwishowe kila mtu alilipa, na kwa kuwa bei ilikuwa inashuka, hata nasi ofisini furaha ilituzuia kuwa wakali.

Unakumbuka kwa nini ilishuka? Watu wamesahau. Mwaka 1947 tulianza kwa senti tisa kwa uniti, na watu wakawasha taa moja jikoni wakakaa kuitazama. Nguzo tulizosimamisha zilikuwa nyingi na umeme uliopita juu yake kidogo, kwa hiyo kila uniti ilibeba mzigo mkubwa wa nguzo. Nikapita tena nyumba kwa nyumba: nunueni jiko, nunueni friji, nunueni pampu ya kisima. Mama Hochhalter aliniambia, "Ottilia, unaniambia nitumie zaidi ili nilipe kidogo? Umelewa?" Akanunua jiko. Kufikia 1952 ni senti sita. 1958, nne. 1968, senti mbili. Nguzo zile zile. Sijafanya jambo jingine maishani ninalojivunia kama hilo, na simwambii mtu ila wewe.

Emanuel sitamwandikia. Ukaguzi ni haki yao.

Ila nifanyie jambo moja. Nenda kwenye mita. Zile saa ndogo tano chini ya kioo, nichoree kila moja na mshale wake, kama ulivyo siku hiyo. Kumbuka moja inazunguka kulia, inayofuata kushoto. Nitumie mchoro, nami nitakwambia umelaza uniti ngapi na la kufanya.

Dada yako,
Ottilia


Shambani
20 Novemba 1977

Dada Ottilia,

Salamu nyingi kutoka kwenye jokofu hili la Mungu. Theluji imefika madirishani. Ng'ombe mmoja amezaa kabla ya wakati, nimemweka mtoto wake jikoni, karibu na jiko uliloniuzia kwa maneno yako matamu. Paka amehama kwa hasira.

Mchoro nimeuweka ndani ya bahasha. Saa tano, mishale mitano. Mishale ikionekana imekaa ovyo, ni kwa sababu mkono ulikuwa umeganda.

Emanuel alikuja Alhamisi. Amenenepa. Nikampa kahawa na kipande cha kuchen, ile keki yetu ya plamu, nilicholetewa na jirani, akala, akafungua mkoba, akatoa kadi zangu za miaka miwili, akazipanga mezani kama anayecheza karata.

"Mzee Gotthilf, soma hizo."

"Kadi zangu najua nilichoandika."

"Januari, uniti mia nne. Februari, mia nne. Machi, mia nne. Julai, mia nne! Januari unapasha nyumba, unapasha maji ya ng'ombe, unawasha taa saa kumi alasiri. Julai umelala kivulini na chupi. Mia nne?"

"Mimi ni mtu wa kiasi."

"Umeme wako una nidhamu kuliko jeshi."

"Na wewe tumbo lako halina. Ongeza kuchen."

Alicheka, lakini hakuongeza, na Emanuel asipoongeza kuchen jua mambo ni mazito. Akaniambia mlangoni, "Mzee, namba zako zikipishana nitasoma jina lako kama la mtu mwingine yeyote. Ottilia angefanya hivyo hivyo."

Hapo alinikata maini. Kwa sababu ni kweli, ungefanya.

Basi nimekubali, Dada. Nitasimama nitasema: ndiyo, mimi ni mjanja, nilizilaza, hizi hapa. Mwizi wa uniti si mwizi wa farasi. Delbert ataona aibu wiki mbili kisha atasahau. Wewe uniandikie tu maneno ya kusema, una mdomo mzuri wa mikutano.

Mdogo wako,
Gotthilf

Nyongeza: usichelewe kujibu.


Shambani
1 Januari 1978

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Hujajibu. Wiki sita. Umekasirika, umekufa, au umepata mume? Kama ni la tatu mwambie nampa pole.

Mtoto wa ng'ombe amekufa. Delbert ameleta ile karatasi tena, mara hii ameiwekea na fomu.

G.


Lodi
22 Januari 1978

Mdogo wangu,

Sikukasirika wala sikufa. Nilikuwa na shughuli. Nitakueleza mwishoni ikiwa sitabadili mawazo.

Mchoro wako niliupata. Saa ya tatu umeipa mishale miwili. Ya tano haina mshale kabisa. Nilitia mchoro huo kwenye fremu akilini, nikautazama siku nyingi, nikafikiri kuhusu bei.

Gotthilf, nisikilize. Toka mwaka 1974 bei inapanda. Makaa ya mawe yamepanda, riba ya mtambo mpya imepanda, na kule juu kwenye nguzo hakuna mzigo wa kupunguza tena. Mbili, mbili na nusu, tatu na robo, sasa nne. Mtu anayelaza uniti wakati bei inashuka ni mjanja. Mtu anayelaza uniti wakati bei inapanda ni nani? Kila uniti uliyoiacha kwa senti mbili na nusu, utailipia nne. Mjanja wa miaka hii anaandika zaidi ya mita, analipa leo kwa bei ya leo, kesho ikipanda anacheka. Wewe nakujua tangu ukiwa mtoto wa kubebwa. Hujawahi kudanganya kwa hasara. Ulipokuwa na miaka sita ulimuuzia mchungaji yai lake mwenyewe.

Kwa hiyo wewe hukudanganya. Mia nne, mia nne, mia nne: ulikuwa unakisia. Na barua zako, mistari inapanda upande wa kulia kama mtu anayekwea kilima, na herufi zimekuwa kubwa kama za mabango. Ua la Rosina. Ndama wa barabara kuu.

Mdogo wangu, huoni.

Unataka kusimama mbele ya watu uitwe mwizi, ili mtu asijue kwamba huoni. Umepima ukaona mwizi anaachiwa shamba lake, na kipofu hapelekwi popote ila mjini. Ninakuelewa. Ndiyo maana nakueleza ile shughuli yangu.

Tarehe 6 Desemba nilitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Nilikaa miaka mitatu nikiambia watu nimeacha kushona kwa sababu sipendi tena kushona. Sikumwambia mtu, hata wewe, nisije nikaonekana mzee. Nina miaka sabini na minane. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na sindano nisiyoweza kuitia uzi.

Nenda kwa daktari. Kisha useme ukweli mkutanoni, si uongo unaokupendeza.

Ottilia


Shambani
1 Februari 1978

Dada Ottilia,

Mimi naona vizuri sana. Naona hata ujinga wako toka hapa, maili elfu moja na mia tano.

Mwenye macho haambiwi tazama. Nimemaliza.

Gotthilf


Lodi
12 Februari 1978

Gotthilf,

Mistari ya barua yako ilikuwa mitatu na yote imeishia pembeni mwa karatasi, mmoja umeandikwa juu ya mwingine. Sina la kuongeza.

Nakuombea.

O.


Shambani
27 Machi 1978

Dada Ottilia,

Kaa chini kwanza. Barua hii anaiandika Delbert, mimi nasema tu, kwa hiyo ukiona neno la heshima ujue amelitia yeye.

Mkaguzi alipita tarehe saba. Mkutano ulikuwa tarehe kumi na nane katika ukumbi wa shule. Mikate ya nyama, kahawa, na bahati nasibu ya pasi ya umeme, kama ulivyoanzisha. Wanachama zaidi ya mia, na Delbert alikuja bila kuniambia, akasimama nyuma karibu na mlango.

Emanuel akapanda jukwaani na orodha. Kabla ya kuisoma alisema jambo ninalotaka ulisikie. Alisema: nyumba mia nne na kumi, miaka thelathini na mmoja, kila mtu anajisomea mita yake mwenyewe bila kuchunguliwa, na waliopishana na mita zao ni kumi na saba. Kumi na saba, Dada! Kanisani kwetu sadaka hupishana zaidi ya hapo. Nilikaa pale nikafikiri, huyu dada yangu alibisha milango arobaini na mmoja tu, na kumbe hakuwa anakusanya dola tano tano, alikuwa anachagua watu. Sikuwahi kukusifu mbele yako. Ninakusifu sasa kwa mkono wa Delbert, ili nikikana uwe na shahidi.

Wengine wakasomwa. Uniti thelathini. Uniti sitini na mbili. Jamaa mmoja panya alikuwa amefanya kiota ndani ya kisanduku. Kisha: "Gotthilf. Uniti elfu sita mia mbili na kumi na mbili."

Ungeweza kusikia pasi ya bahati nasibu ikifikiri.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya mwizi, na ilikuwa nzuri, nilikuwa nimeijaribu mbele ya ng'ombe. "Ndugu wanachama," nikasema, "mimi ni mjanja wa tangu zamani, nanyi mnanijua..."

"Mjanja gani?" Sauti ya Lydia Hochhalter, binti wa yule mama wa jiko. "Mjanja gani anayelaza uniti bei inapanda? Mjanja wa siku hizi anaandika zaidi!"

"Wewe umeandika zaidi, Lydia?"

"Mia tatu! Na ndiyo maana sijasomwa jina, Emanuel anasoma waliopungukiwa tu!"

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Na mimi nimesimama katikati yao, mwizi asiyeaminika. Maneno yako yale yale, kutoka kinywa kingine. Nikajua hata wizi siwezi kupewa.

Nikageuka kumtafuta Delbert. Nilijua koti lake, la bluu. Niliona bluu. Juu ya bluu ilipopaswa kuwa sura ya mwanangu kulikuwa na ukungu mweupe, kama maziwa ndani ya maji. Na hapo, Dada, nikachoka. Kudanganya watu mia ni kazi nyepesi. Kumtazama mtoto wako na usimwone, halafu uendelee na mzaha, hiyo ni kazi nzito.

Nikasema, "Delbert, huyo ni wewe au ni nguzo?"

"Ni mimi, Baba."

"Basi sikia, na wengine wasikie. Sikulaza uniti. Mita siioni. Miaka miwili sasa. Barua naweza kuileta puani dirishani, mita haiji puani. Nilikuwa naandika mia nne kwa sababu mia nne ni namba ya heshima."



Delbert akasema, "Na ndama wa barabara kuu?"

"Hakukuwa na ndama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenihamisha."

Nikasikia viatu vyake vikija, akanishika mkono akanikalisha kama mimi ndiye mtoto, na sikumpiga.

Wanachama wakapiga kura kwamba uniti zangu nizilipie kwa bei ya miezi niliyozitumia, si bei ya leo. Lydia ndiye aliyetoa hoja, kisha akasema, "Na mia tatu zangu je?" wakamzomea. Halafu wakapiga kura ya kadi. Kuanzia mwezi wa saba mita zitasomwa na mtu wa ushirika. Kura themanini na nane kwa thelathini na moja. Nilinyoosha mkono na wale themanini na nane. Emanuel alinishangaa. Bei ikishuka, mtu anaisoma mita yake kwa furaha. Ikipanda anaisoma kwa hofu, na mtu mwenye hofu usimpe kalamu. Ulitulea vizuri katika miaka mizuri, Dada. Hii ni mingine.

Garini Delbert alichukua ufunguo wangu. Wa gari, si wa nyumba. Akasema, "Shamba halikodishwi mpaka daktari aseme. Akisema unaona, unabaki." Kisha akasema tena, "Ungeniambia tu, Baba." Nikamwambia angalie barabara, kuna ndama.

Daktari wa Bismarck ni tarehe 19 Aprili.

Gotthilf

(Shangazi, ni mimi Delbert. Hakusema kwamba alilia garini. Nami nililia. Fomu ya nyumba ya wazee nimeichana, lakini sijamwambia, namwacha na hofu kidogo mpaka aende kwa daktari. Asante kwa barua yako ya Januari. Nimeikuta chini ya godoro lake, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka inakatika.)


Lodi
5 Aprili 1978

Mdogo wangu Gotthilf,

Nimeisoma barua yako kwa jicho langu jipya, mara nne, mara ya nne ili kuhakikisha ile sehemu ya sifa haikuandikwa na Delbert.

Niliposikia kadi zimekufa nilikwenda bustanini nikafanya kazi isiyokuwapo. Kisha nikafikiri, miaka thelathini na mmoja. Mambo machache ya binadamu yanadumu hivyo.

Daktari akikuambia utulie, utulie. Usimchekeshe akiwa na kisu.

Mwambie Delbert nyongeza yake nimeiona.

Ottilia


Shambani
4 Juni 1978

Dada Ottilia,

Ninaandika mwenyewe. Angalia mistari. Imenyooka kama waya zetu.

Jicho la kushoto wamelifungua. Wamenipa miwani mizito kama chini ya chupa, nikiivaa macho yangu yanaonekana makubwa kama ya ng'ombe, na Delbert anasema hatimaye nimefanana na familia. Daktari ameandika kwa mkono wake kwamba ninaweza kuishi peke yangu. Delbert amekunja karatasi hiyo ya daktari na kuiweka ndani ya Biblia ya mama yetu, ukurasa wa mwanzo kabisa, mahali pa kuandika kuzaliwa na kuoana na kufa.

Kuona nako kuna hasara zake. Nimeona jiko lilivyo chafu. Nimeona sura yangu kwenye kioo nikamkaribisha, nilidhani ni baba. Nimeona kwamba paka ni wa jirani. Nimekwenda kwenye mita, nikasimama chini ya nguzo, nikasoma saa zote tano, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na sikuwa na kadi ya kuandika, kwa hiyo nikaisema namba kwa sauti na ng'ombe wakanitazama. Kisha nikasoma ankara ya mwezi wa tano. Senti nne na nusu. Nimekaa miaka miwili gizani, nafunguliwa macho, cha kwanza ni hicho! Lakini nimewasha taa zote za nyumba jioni, hata ya stoo, nikatoka nje uwanjani kuitazama nyumba kama tulivyofanya usiku ule wa kwanza. Inastahili, Dada. Hata kwa nne na nusu. Ningekuwa na kofia ningekuvulia.

Sasa kuna jambo dogo. Jicho la kulia litafanywa tarehe 14 Agosti, na safari hii daktari anataka mtu akae nami siku tatu nyumbani, anitie dawa kila baada ya saa nne. Delbert yuko tayari, lakini mikono yake inatetemeka, na ananiita Baba kwa sauti ya huruma kila tone linapodondoka.

Mwaka 1911 ulivunja kioo cha taa ya kanisa kwa tufaha. Nilisema ni mimi. Fimbo sita, za mchungaji, na yule mtu alikuwa amefuga farasi, mkono wake unajua kazi. Hujanilipa hata moja. Fimbo sita kwa siku zako tatu za dawa hapa shambani, ninakuuzia kwa nusu ya bei. Nijibu haraka, Dada, kabla haijapanda.

Mdogo wako,
Gotthilf